Yai la Kwanza

"Frigo ya Asiatique imekufa. Leta gaz. Saa saba."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Amissi saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, akiwa amelala chali chini ya Toyota Probox katika gereji moja ya Buyenzi. Aliusoma mara moja. Akaufuta.

Frigo ni nyumba. Gaz ni bastola.

Wenzake wa gereji walimjua kama fundi wa baridi, mtu wa friji na klimatizeri, zile mashine za kupoza hewa. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeshtuka kwamba sanduku lake jekundu la vifaa lina sakafu mbili, na kwamba chini ya ile ya pili imelala Glock 19. Alijifuta mikono, akaaga, akatoka kwa miguu. Probox ilikuwa nzima, lakini hii ilikuwa wiki ya tatu mji hauna esansi, petroli yote imekauka, na jasusi naye ni binadamu. Akikosa esansi, anatembea.

Ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi haikuwa na kibao mlangoni. Ilikuwa nyuma ya duka la mshona nguo, Nyakabiga. Ndani alimkuta mkuu wake, Maxime, mtu mwembamba asiyepandisha sauti hata akiumia jino. Pembeni yake alikaa mgeni mwenye macho mekundu, ameshika jani la maharage kama mtu aliyeshika picha ya marehemu.

"Huyu ni Dokta Révérien," alisema Maxime. "Mutu wa wadudu. Sikiliza."

Révérien aligeuza jani. Upande wa chini ulijaa vitu vidogo vyeusi.

"Hivi ni vidukari, ndugu yangu. Vinanyonya maharagi mpaka inakauka. Zamani tulikuwa na nyigu wa kuviua. Mudogo sana, kama punje ya chumvi. Anakidunga kidukari, anaweka yayi moja ndani. Yayi inakuwa buu, buu anakula kidukari toka ndani, kinabaki ganda tu. Hatukununua dawa. Nyigu alitosha."

"Na sasa?"

"Sasa kumeletwa kidukari kingine. Ndani yake iko bakteria. Kidukari kinailisha, na yenyewe inakilinda. Yayi ya nyigu ikiingia, inakuta sumu. Inakufa."

"Kililetwa na nani?"

"Na wenye kuuza dawa za shamba," Maxime alidakia. "Nyigu wakiisha, kila mulimaji toka hapa mpaka Bukavu atakuwa mikononi mwao. Mwenye kuwapitishia mizigo hapa mujini ni Nasser, yule wa quincaillerie, duka la mabati na rangi, kule mtaa wa Asiatique."

Révérien aliendelea taratibu, na Amissi aliona kwamba mtu huyu alikuwa akizuia machozi. Miaka sita alikuwa amewalea nyigu wake juu ya vidukari vyenye ulinzi. Wa kwanza walikufa karibu wote bila kuacha uzao. Akawachukua mabinti wa wale wachache waliopenya, akawarudisha vitani. Kizazi baada ya kizazi.

"Wakajifunza, ndugu yangu. Sasa nyigu wangu anakipapasa kidukari kwanza. Akisikia hakina ulinzi, anaweka yayi moja. Akisikia kina ulinzi, hawezi kuweka moja."

"Anaweka ngapi?" aliuliza Maxime.

"Mbili. Sumu inamalizikia kwa ya kwanza. Ya pili inatoka muzima."

Maxime alikuwa akichezea kalamu. Akaiacha mezani, akalitazama lile jani kwa muda. Amissi aliuona ule mtazamo na hakuujali. Baadaye angejuta.

Jumanne banda la Révérien lilichomwa moto. Kilichobaki ni kesi moja tu, kijisanduku cha kutia mfukoni, iliyoibwa kabla ya moto: majani makavu yenye maganda mia mbili ya vidukari, na ndani ya kila ganda nyigu anayengoja kutoka. Waliomtuma Nasser walitaka kumchunguza kwanza nyigu huyu, wajue amelivunjaje kufuli la ule ulinzi, ndipo wamfute kabisa. Kesi ingevuka mpaka wa Gatumba leo jioni kwenda Uvira, na kutoka huko ipande ndege.

"Nasser anaaga wageni wanne leo baada ya chakula cha Ijumaa," alisema Maxime. "Mumoja anayo. Hatujui ni nani. Tukiingia na askari, ataipondaponda kwa sekunde moja. Na ile nyumba ina ulinzi wake. Patrick. Nasser anamulisha Patrick, Patrick anamulinda Nasser. Watu wawili niliwatuma mwaka jana. Walirudi ndani ya shuka."

"Leo unanituma mimi."

"Leo nakutuma wewe," alisema Maxime, na hakumtazama usoni.

*

Saa saba na robo watu walikuwa wakitoka msikitini. Amissi aligonga geti la Nasser, kofia ya fundi kichwani, sanduku mkononi, na ndani ya sikio lake kifaa cha kusikilizia na kusemea, kidogo kuliko dengu.

Aliyefungua alikuwa Patrick mwenyewe. Mabega mapana, viatu vya kijeshi, kipilipili cha mvi. Alimpapasa Amissi kuanzia kwapa hadi kifundo cha mguu, polepole, bila hasira.

"Klimatizeri ya salon," alisema Amissi. "Inatoa maji."

"Fanya haraka. Kuna wageni."

Njia ya kwenda barazani ilipita mlango wa jikoni. Amissi alipita, akageuza kichwa kama fundi yeyote anayenusa pilau.

Akasimama.

Mbele ya jiko, kitenge cha kijani kiunoni, alisimama Orpha.

Orpha wa Uvira, binti wa mchungaji. Orpha ambaye Amissi mwenyewe alimwajiri miaka mitatu nyuma, akamfundisha redio na bastola, akampenda, akataka kumwoa. Miezi minane iliyopita Orpha alimwambia anakwenda Bukavu kuuguza mama yake. Waligombana siku ile, ugomvi wa kijinga juu ya mchungaji na shehe, nani angefungisha ndoa. Kila siku mchana, tangu wajuane, Orpha alikuwa akimtumia neno moja: "Umekula?" Hata siku ya ugomvi alilituma. Amissi kwa kiburi hakujibu. Neno halikuja tena.

Hakuwa Bukavu. Alikuwa hapa, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka gereji.

Mwiko uliganda mkononi mwa Orpha. Alimtazama Amissi, akatazama kofia ya fundi, akatazama sanduku jekundu. Kitu kikapita usoni mwake, kama mtu anayesoma barua aliyokuwa akiijua itafika. Amissi hakuelewa. Alidhani ni mshangao tu kama wake.

"Fundi," alisema Orpha. "Umekula?"

"Bado, dada."

Patrick alikuwa hatua tatu nyuma. Orpha alichota mayai mawili ya kuchemsha kwenye sufuria, akayaweka kwenye kisahani, akakisukuma kwa Amissi. Halafu akabadili mawazo. Akachukua yai moja, akaligonga ukingoni mwa meza, akalimenya.

"Hii yangu," alisema. "Ile yako. Usiiache."

Akalila lote, amesimama, akimtazama machoni.

Amissi alilitia yai lake kwenye sanduku, kati ya bisibisi na tepu. Moyoni alisema, bado amenikasirikia huyu, hata yai ananipunja. Hilo ndilo wazo alilokuwa nalo. Atalibeba mpaka kaburini.

Barazani alipanda ngazi, akafungua kifuniko cha klimatizeri. Kupitia dirishani aliiona salon yote, sebule ya wageni. Nasser. Wageni wanne, kanzu nyeupe na makoti. Na Bibi Ghanima, mama yake Nasser, mwanamke wa miaka themanini asiyejua lolote kuhusu biashara za mwanawe.

"Sindano," sauti ya Maxime ilinong'ona sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi. "Umeingia?"

"Niko ndani. Chef, nimemuona mutu hapa."

"Kazi, Sindano."

"Mbona hukuniambia?"

"Kazi."

Sauti ikakatika.

Makoti manne, na mifuko isiyohesabika. Alichezea mabomba mpaka chakula kikaisha, na sasa wageni walikuwa wamekwisha kunawa, wanatafuta viatu kwa macho. Ndipo Orpha alipotokea mlangoni mwa salon, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani:

"Bibi, nilete chetezo? Wageni wanataka kutoka." Halafu akamgeukia Amissi dirishani. "Na we fundi, funga ile kitu. Moshi ya udi itaingia mule mwote. Si unajua moshi inaua badudu?"

Amissi nusura aanguke kwenye ngazi.

Moshi unaua wadudu. Na katika nyumba hii hakuna mgeni anayetoka siku ya Ijumaa bila kufukizwa. Bibi Ghanima angemfukiza hata mtu wa zimamoto.

Orpha alileta chetezo, makaa yamewiva, vipande vya udi vikitoa uzi wa moshi. Bibi Ghanima akakipokea kwa mikono miwili. Mgeni wa kwanza alifungua koti, akaukumbatia moshi. Wa pili akainua kanzu kidogo, moshi ukapanda ndani. Wa tatu akajipepea ndevu.

Wa nne akarudi nyuma.

"Mimi nisamehe, shangazi. Nina pumu."

Bibi Ghanima alimkazia macho. "Pumu? Toka lini, Zayd? We nimekulea kwa mikono hii. Ulikuwa ukilala na chetezo chini ya kitanda."

"Ya siku hizi, shangazi."

"Udi ya nyumbani kwangu unaikataa?"

Watu wakacheka kwa aibu. Zayd hakucheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefunika mfuko wa ndani wa koti, kama mama anayefunika kichwa cha mtoto.

Amissi alianza kushuka ngazi.

Wakati huohuo simu ya Patrick ililia. Patrick aliisoma, akaenda kulifunga geti kwa komeo.

"Wafanyakazi wote hapa uani! Sasa hivi!"

Walikuwa wanne: dereva, mlinzi wa geti, mpishi na fundi. Wakapangwa ukutani kwenye jua kali. Patrick alikuwa ameshika Beretta, mdomo wa bastola ukitazama chini.

"Kuna mutu mumoja hapa anasikiliza kwa ajili ya wengine," alisema. "Mumoja. Nitamujua."

Akaanza na fundi, aliyekuwa mgeni kwao. Alilipiga teke sanduku jekundu, likafunguka. Akatoa bisibisi. Akatoa spana. Akatoa kipimo cha gaz. Akachutama, akagonga sakafu ya sanduku kwa kifundo cha kidole.

Ikalia utupu.

Patrick aliinua macho.

"Chef, wanajua!" ilikuwa sauti ya Orpha, juu, kali. "Natoka!"

Alikuwa amechomoa redio ya Motorola kutoka kwenye mkunjo wa kitenge, ameipandisha mdomoni ili kila mtu aione. Halafu akaitupa na kukimbia kuelekea mlango wa nyuma. Sahani iliyokuwa njiani ikapasuka. Mlango ukabamiza.

Patrick alilisahau sanduku. Mtu mmoja, na mmoja amepatikana. Akaruka kumfuata, dereva na mlinzi nyuma yake.

Amissi alibaki peke yake uani.

Kushoto, mlango wa nyuma ulikuwa bado unacheza kwenye bawaba. Kulia, salon. Alihitaji sekunde moja kuchagua, na sekunde ile ilikuwa ndefu kuliko miaka yake yote ya kazi. Alimpenda yule mwanamke. Alimpenda, na mguu wake ukaenda kulia.

Aling'oa sakafu ya sanduku, Glock mkono wa kulia, spana wa kushoto. Mlango kwa bega.

"Mikono juu! Zayd, mikono!"

Nasser aliingia chini ya meza. Zayd hakuinua mikono. Alichomoa kesi ya miwani, na hakuwa mvaaji wa miwani, akaanza kuibana kwa vidole vyake vyote. Plastiki ikalia. Amissi hakupiga risasi. Risasi ingeweza kupita kwenye kesi. Alirusha spana kubwa ya bomba iliyokuwa mkono wa kushoto. Ikampata Zayd kwenye kiwiko.

Kesi ikaanguka kwenye zulia, miguuni pa Bibi Ghanima.

Nje, nyuma ya nyumba, zililia risasi mbili.

Halafu kimya.

Bibi Ghanima aliinama kwa taabu, akaiokota kesi, akaifungua. Akaona majani makavu yenye vijiganda vya kahawia. Akamtazama Zayd.

"Hii ndiyo pumu yako?"

Akamtazama mwanawe chini ya meza, kwa muda mrefu. Halafu akamkabidhi Amissi ile kesi.

"Chukua, mwanangu. Utoke mbele, kupitia dukani. Na yule binti?" Alimkamata Amissi mkono. "Orpha wangu amefanya nini?"

Amissi aliitia kesi mfukoni. Alilirudia sanduku lake uani, akatia vitu ndani, akapita dukani kati ya ndoo za rangi na mabati, akatoka barabarani. Alitembea. Hakukimbia, kwa sababu anayekimbia hutazamwa. Askari wa Maxime walimpita wakielekea kule alikotoka.

*

"Nasser tunaye. Zayd tunaye. Patrick amejisalimisha," alisema Maxime nyuma ya duka la mshona nguo. Saa kumi kasoro. "Kazi nzuri, Sindano."

"Orpha?"

"Palepale. Hakuteseka."

Cherehani zilikuwa zikilia upande wa pili wa ukuta. Amissi alikaa. Mikono yake ilikuwa na grisi na hakujua aiweke wapi.

"Nani alimuandikia Patrick?"

Maxime alimtazama usoni safari hii. Hakuwa mwongo, hilo lazima lisemwe.

"Mi."

"We."

"Nilimuambia kuna mutu mumoja. Sikumuambia ni nani. Mutu kama Patrick haachi kutafuta. Lazima apate. Akishapata, anaacha. Ulimusikia Dokta: sumu inamalizikia kwa ya kwanza."

"Na Orpha alijua?"

"Révérien alimufundisha habari ya mayayi kabla yako, mwaka jana, kabla aingie kwa Nasser. Leo saa sita nilimutumia neno: 'Yayi ya pili inaingia.' Sikumuambia ni wewe."

Amissi alimwona tena pale jikoni. Uso ule wa mtu aliyesoma barua. Alikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili tu, na katika pumzi hizo mbili aliyapanga yote: yai, udi, redio. Nani afe, nani atoke.

"Na kama mi ndiye ningekamatwa kwanza?"

"Yayi ya pili ingekuwa yeye. Kesi ingetoka vilevile."

Alilisema bila ubaya, na hapo ndipo palipouma zaidi. Amissi angeweza kumpiga. Alikuwa na nguvu hizo na bastola juu yake. Lakini alijua kwamba kama Maxime angemwita asubuhi na kumwambia, chagua, yeye au wewe, angechagua kufa, na Orpha angechagua vilevile, na wangebishana mpaka kesi ivuke Gatumba. Akainuka. Akaacha Glock mezani, kwa utaratibu, risasi kando.

"Amissi," alisema Maxime. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Jumatatu?"

Amissi alikuwa amekwisha toka.

*

Jumamosi asubuhi alipanda mlima kwenda kwenye banda jipya la Révérien, nguzo mbichi zilizofunikwa chandarua. Baba yake Orpha alikuwa amevuka mpaka alfajiri kumchukua binti yake. Amissi alikuwa amesimama mbali, hakuthubutu kumsogelea. Angejitambulisha kama nani?

Révérien alikuwa na lenzi jichoni. Nyigu walikuwa wanatoka. Ganda baada ya ganda lilifunguka kifuniko cha mviringo, na mdudu mweusi akajivuta nje, akajipangusa mabawa.

"Mia moja na sitini na wanne wazima," alisema. "Wanatosha, ndugu yangu. Wanatosha kabisa."

Amissi aliwatazama. Mmoja alitembea juu ya jani, akafika kwa kidukari, akakipapasa. Akakidunga. Akasita. Akakidunga tena.

"Ile yayi ya kwanza, Dokta. Munaiitaje?"

Révérien alitoa lenzi. "Haina jina. Tunaandika zenye kutoka tu."

"Hawa wako, wanaitwaje?"

"Namba. Laini ya saba, ukoo wao."

Amissi aliokota kalamu ya wino mzito. Kwenye tepu ya karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa chandarua alifuta ile saba, akaandika ORPHA kwa herufi kubwa. Révérien aliitazama. Akaichukua kalamu, akaenda kuandika jina lilelile kwenye daftari lake.

Amissi alishuka mlima kwa miguu, sanduku jekundu mkononi. Chini mji ulikuwa umelala juani, na magari yamepanga foleni kwenye kituo kisicho na esansi. Katikati ya njia aliketi kwenye jiwe, akafungua sanduku kutafuta kitambaa cha kujifuta, na mkono wake ukakutana na kitu laini, cha mviringo.

Yai lake. Usiiache.

Alilimenya polepole, ganda likidondokea kwenye viatu vyake. Akalila lote, bila chumvi, na machozi yalimtoka bila kuyazuia, mtu mzima wa miaka arobaini, mbele ya akina mama waliokuwa wakipanda na vikapu vyao. Mmoja alimwambia pole, baba. Akaitikia.

Halafu akatoa simu. Akarudi nyuma miezi minane, mpaka kwenye neno moja lililokuwa bado linangoja jibu. Akaandika chini yake:

"Nimekula."

Akatuma. Akalifunga sanduku, akainuka, akaendelea kushuka kuelekea Buyenzi.